Namna ya Kuchambua Nafasi za Mwigizaji Mmoja katika Filamu za Vijana: Mfano wa Saoirse Ronan

Mtazamaji anayetaka kuonyesha kwamba mwigizaji fulani ana uwezo mpana kwa kawaida huchukua nafasi mbili zilizo mbali kabisa na kuziweka bega kwa bega: hapa aliigiza muuaji, pale aliigiza mwanafunzi mtundu, basi ni hodari. Hoja ya namna hiyo haina uzito, kwa kuwa umbali kati ya nafasi hizo umekwisha kuletwa na mwandishi wa hadithi, mbunifu wa maleba na msusi wa nywele kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Anayetaka kuuona uwezo wa mwigizaji mwenyewe atafute nafasi zinazofanana, azitazame pamoja, kisha aulize ni nini kilichozitofautisha. Filamu zinazohusu vijana zinafaa sana kwa kazi hii, kwa sababu hadithi zake hurudia mambo yale yale: kuondoka nyumbani, kugombana na mzazi, kupenda kwa mara ya kwanza, kuhangaikia jina na kazi. Hadithi zikishafanana hivyo, sehemu kubwa ya tofauti inayobaki hutoka kwa mwigizaji.

Mwongozo huu unamtumia Saoirse Ronan kama mfano. Alizaliwa mtaa wa Bronx, New York, tarehe 12 Aprili 1994, kwa wazazi wa Ireland, akakulia Ireland, na akaanza kuigiza filamu angali mtoto. Kwa hiyo tunaweza kumfuata tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi utu uzima bila kubadilisha mwigizaji, jambo lisilopatikana kwa wengi. Njia yenyewe, hata hivyo, inaweza kutumika kwa mwigizaji yeyote aliyeigiza vijana zaidi ya mara mbili au tatu.

Jambo la kwanza ni kuchagua, na hapa wengi huharibu kazi kwa kutaka kutazama kila kitu. Filamu tano zinatosha. Kwa Ronan ningechagua Atonement (2007), Hanna (2011), Brooklyn (2015), Lady Bird (2017) na Little Women (2019). Tatu za mwisho ndizo kiini cha uchambuzi, kwa kuwa zote zinamhusu msichana anayeondoka kwao, na zote zinaugusa mji wa New York: Eilis wa Brooklyn anahamia huko kutoka mji mdogo wa Enniscorthy, Ireland, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Christine wa Lady Bird, anayejiita kwa jina alilojipa mwenyewe, yuko Sacramento mwaka 2002 akiota kusoma chuo cha mashariki ya Marekani, kama kule New York, mbali na mama yake, naye Jo wa Little Women, katika karne ya 19, anaishi New York akiuza hadithi zake ili awatumie wazazi na ndugu fedha. Wasichana watatu, safari moja. Filamu mbili za kwanza, zote zikiwa zimeongozwa na Joe Wright, tutazitumia kama kipimo cha pembeni.

Kabla ya kutazama, andika kwa kila filamu mahali na wakati wa hadithi, umri wa mhusika, na umri wa mwigizaji wakati filamu ilipopigwa. Usichukue mwaka filamu ilipotoka, kwa sababu mara nyingi filamu hukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kuonyeshwa, na kwa mwigizaji mtoto mwaka mmoja ni mwili mwingine kabisa. Atonement ilipigwa mwaka 2006, Ronan akiwa na miaka 12, na mhusika wake Briony ana 13. Lady Bird ilipigwa mwaka 2016, Ronan akiwa na miaka 22, na mhusika ana 17. Tofauti hii ya umri si jambo dogo. Mtoto anayeigiza mtoto ana sauti na viungo vya umri ule tayari, na kazi yake ni kuvielekeza. Mtu mzima anayeigiza kijana hana budi kuvijenga upya, na mtego unaomngoja ni kuzidisha. Ataguna, atazungusha macho, atashusha mabega, na mtazamaji ataona mtu mzima anayewaiga vijana badala ya kumwona kijana.

Lady Bird inaonyesha jinsi mtego huo unavyoweza kuepukwa. Litazame onyesho ambamo mama na binti wako katika duka la mitumba wakitafuta gauni. Wanagombana kwa maneno ya chini kwa chini yanayouma, kila mmoja akimchokoza mwenzake, mpaka mama anapochomoa gauni moja kutoka kwenye nguo zilizotundikwa, na papo hapo wote wawili wanalifurahia kana kwamba hapakuwa na ugomvi wowote. Ronan haonyeshi ujana kwa ishara za ujana. Anauonyesha kwa kasi ya kubadilika: hasira haimwachii mabaki, kwa sababu msichana wa umri ule, mbele ya mama yake, hana muda wa kuyahifadhi. Laurie Metcalf, aliyeigiza mama, anabadilika kwa kasi ile ile, na hapo ndipo onyesho linapotuambia bila kusema kwamba wawili hawa wamefanana mno.

Sasa kuhusu kutazama kwenyewe. Mara ya kwanza itazame filamu kama mtazamaji wa kawaida, bila kalamu, kwa sababu asiyeijua hadithi hatajua ni wapi mwigizaji anaficha jambo. Kisha chagua maonyesho manne au matano, uyarudie sauti ikiwa imezimwa, halafu uyarudie tena ukiwa umeipa skrini kisogo na kusikiliza tu. Kuirudia filamu nzima kwa namna hii kunachosha na hakuongezi kitu. Kwa kila onyesho andika mambo matatu: mhusika anataka nini hapa, anaficha nini, na anamficha nani. Swali la tatu ndilo linalosahaulika mara nyingi, na ndilo lenye faida kubwa, kwa kuwa kijana wa filamu mara chache huwaficha watu wote jambo lile lile. Eilis anamficha mama yake ndoa aliyofunga kule Marekani, lakini hafichi upweke wake katika barua anazomwandikia dada yake Rose.

Sauti ikiwa imezimwa, tazama mwili, hasa namna ya kutembea. Briony anatembea katika jumba la kifahari la Uingereza mwaka 1935 kwa hatua fupi za haraka, mgongo umenyooka, mikono karibu na mwili, akikata kona kwa ukali wa mtu aliyekwisha kuamua jambo. Unapoirudisha sauti utagundua kwamba muziki wa Dario Marianelli umechanganywa na milio ya taipureta, na kwamba milio hiyo inazisukuma hatua zake. Mtoto huyu anatembea kama anavyoandika, na msiba atakaousababisha kwa kumsingizia mtu kosa unatokana na tabia hiyo ya kumalizia hadithi kabla hajaielewa. Hata hivyo, ndiyo sababu nilishauri kuanza bila sauti: ukimya unathibitisha kwamba ukali ule wa hatua upo katika mwili wa mtoto mwenyewe, na kwamba muziki umeuongezea tu.

Kisha linganisha mbio mbili. Hanna, aliyelelewa na baba yake msituni kaskazini mwa Finland na kufundishwa kuua, anakimbia huku kichwa kimetulia na macho yakiwa mbele. Hakuna kiungo kinachofanya kazi isiyo ya lazima. Jo, mwanzoni mwa Little Women, ametoka tu kumuuzia mhariri hadithi, akidai kwamba ni ya rafiki yake, na anakimbia katika mitaa ya New York akiwapita watu, sketi ikimpiga miguuni. Mbio za Hanna zina shabaha. Za Jo hazina shabaha yoyote. Ni furaha isiyopata njia nyingine ya kutoka. Anayekimbia ni mtu mmoja, kwa miguu ile ile, lakini hakuna anayeweza kuzikata picha za mbio za mmoja na kuzibandika katika filamu ya mwingine. Eilis, kwa upande wake, karibu hakimbii kabisa, na hilo nalo ni la kuandikwa.

Kuhusu sauti, wachambuzi wengi hukimbilia lafudhi. Ni kweli kwamba Ronan ana Kiingereza cha tabaka la juu la Uingereza katika Atonement, cha Ireland katika Brooklyn, na cha Marekani katika Lady Bird na Little Women. Lakini lafudhi hufundishwa, walimu wake hulipwa, na msikilizaji ambaye hakukulia mahali husika hawezi kuipima kwa uhakika. Ni afadhali kupima mambo ambayo sikio lolote linaweza kuyasikia: kasi ya maneno, mahali pa kuvuta pumzi, na mtu ambaye mhusika anamshushia sauti. Hanna inatoa zoezi zuri sana kwa sababu mhusika hutamka sentensi moja mara mbili, mwanzoni mwa filamu na mwishoni, akimwambia yule aliyemlenga kwamba ameukosa moyo wake kidogo tu. Mara ya kwanza anamwambia mnyama aliyempiga mshale. Mara ya pili anamwambia mwanamke aliyekuwa akimwinda filamu nzima. Sikiliza zote mbili mfululizo. Maneno hayakubadilika hata moja, kwa hiyo lolote utakalolisikia tofauti halikuandikwa na mwandishi wa sentensi.

Ukimya unahitaji subira zaidi, na Brooklyn, filamu ya John Crowley, ndiyo shule yake. Sikukuu ya Krismasi Eilis anasaidia kuwapakulia chakula wazee wa Ireland ambao walijenga madaraja na barabara za Marekani na sasa hawana kwao, na mmoja wao anasimama kuimba kwa lugha ya Kiayalandi. Ronan hana mstari wa kusema. Mwigizaji dhaifu angelia mapema, maana wimbo unamruhusu. Eilis anasikiliza tu, kama mtu anayejizuia mbele ya wageni, na upweke wake tunauona kwa sababu anajitahidi usionekane. Unapoandika kuhusu onyesho kama hili, jizuie kusema kwamba uso wake unaeleza mengi. Sentensi hiyo imeandikwa kuhusu kila mwigizaji duniani na haisemi lolote. Sema macho yalielekea wapi, yalikaa hapo muda gani, mdomo ulifanya nini, na ni wakati gani alipumua. Kisha liweke onyesho hili pamoja na lile la karibu na mwisho, ambapo mwenye duka aliyekuwa akimnyanyasa anamtishia kuifichua siri yake, na Eilis anajibu kwa kutaja jina lake la ndoa kwa sauti ya juu. Msichana aliyekuwa akimeza kila kitu anajitaja mwenyewe, na nguvu ya jibu lile imelimbikizwa na saa nzima na zaidi ya ukimya uliotangulia.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu ndipo uchambuzi mwingi unapopotoka: si kila kinachoonekana kwenye skrini ni cha mwigizaji. Filamu ni kazi ya mikono mingi. Little Women ya Greta Gerwig inarukaruka kati ya nyakati mbili zinazotofautiana kwa miaka saba, na picha za utotoni zimepewa rangi za joto huku za ukubwani zikiwa na ubaridi. Ukisema kwamba Ronan anaonekana mchovu zaidi katika sehemu za ukubwani, hakikisha kwanza kwamba si rangi inayokuambia hivyo. Katika filamu hiyo hiyo, Jo na rafiki yake Laurie wanapokezana fulana na koti, wazo lililotumika kuonyesha kwamba ni pacha wa moyo. Jacqueline Durran, aliyebuni maleba hayo, alipata Oscar, na sifa hiyo ni yake. Vivyo hivyo, mwanzoni mwa Lady Bird msichana anafungua mlango wa gari linalotembea na kujirusha nje. Kuruka kumeandikwa katika mswada. Kilicho cha waigizaji ni dakika zinazotangulia, ambapo mama na binti wametoka kutokwa machozi pamoja wakisikiliza kitabu kilichorekodiwa, na wanateleza kutoka katika ulaini huo hadi ugomvi bila sisi kuona ni wapi hasa wamevuka.

Yapo pia mambo ambayo hayawezi kugawanywa. Katika Lady Bird, chunusi za Ronan hazikufichwa kwa vipodozi, ingawa kuzificha ni kawaida katika filamu. Ulikuwa uamuzi wa pamoja wa mwigizaji na mwongozaji, na matokeo yake ni kwamba uso wa mhusika unaaminika kuwa wa mwanafunzi wa sekondari kabla hajasema neno. Mchambuzi mwaminifu atasema kwamba ni uamuzi wa pamoja na kuendelea mbele.

Njia bora zaidi ya kumtenga mwigizaji na mazingira yake ni kumtazama akiwa na mwigizaji mwenzake yule yule katika filamu mbili. Bahati hii ipo hapa, na ningesema kwamba mwenye muda mchache aache mengine yote na kufanya hili. Timothée Chalamet yumo katika Lady Bird na katika Little Women, mwongozaji wa zote mbili ni Gerwig, na zinatofautiana kwa miaka miwili tu. Karibu kila kitu kimebaki vilevile isipokuwa jambo moja: nani anamhitaji nani. Katika Lady Bird, Chalamet ni Kyle, kijana mwanamuziki anayesoma vitabu vizito na kujifanya hajali kitu, na msichana ndiye anayetaka kukubaliwa. Tazama jinsi anavyomsubiri amalize kuongea, anavyomchunguza kabla ya kuchagua la kusema, na anavyokubali mambo asiyoyaamini. Mtu aliyekuwa mkali kwa mama yake anakuwa mwepesi wa kukubali kila kitu mbele ya mvulana aliyejiinamia. Katika Little Women mambo yamepinduka. Laurie, ambaye ndiye Chalamet hapa, ndiye anayetaka, na Jo yuko huru naye kama alivyo huru na dada zake: anamsukuma, anamcheka, hajali nywele zake zimekaaje. Uhuru huo wote unafikia mtihani wake kilimani, Laurie anapomwomba waoane na Jo anakataa. Angalia kwamba Ronan hakatai kwa ubaridi. Anahangaika, anasogea na kurudi, anajaribu kumwokoa rafiki huku akimkataa mchumba, na ndiyo maana onyesho hilo linauma. Andika maonyesho mawili haya katika karatasi moja, Kyle upande huu na Laurie upande ule, na utakuwa na nusu ya makala yako.

Wazazi nao wanaweza kutumika hivyo hivyo, ingawa waigizaji wao ni tofauti. Marion, yule mama wa Lady Bird, huongea bila kukoma. Mama yake Eilis, anapoambiwa kwamba binti ameolewa, anaomba waagane usiku ule ule, mara moja tu, na kwenda kulala. Ronan anabadilisha ujazo wa sauti na umbali wake kufuatana na kila mmoja. Kwa Marmee, mama yake Jo aliyeigizwa na Laura Dern, anapata ruhusa ambayo wasichana wale wawili hawakuipata: darini, anakiri kwa sauti kwamba anajua thamani ya akili yake na matamanio yake, na kwamba pamoja na hayo ana upweke mkubwa. Maungamo yale yanatoka kwa haraka, kama hasira, na neno la upweke linakuja mwishoni likiwa limemponyoka.

Unapoanza kuandika, tumia vitenzi kuliko vivumishi. Badala ya kusema kwamba ni mahiri na mwenye hisia, sema kwamba aligeuka, alisita, alirudia swali. Taja dakika ya onyesho ili msomaji aweze kulitafuta mwenyewe. Kuhusu tuzo, Ronan aliteuliwa kuwania Oscar mara nne kabla ya kutimiza miaka 26, kwa Atonement, Brooklyn, Lady Bird na Little Women, ya kwanza akiwa na miaka 13. Zitaje mara moja, kisha uziache, maana uteuzi unaonyesha kwamba watu waliikubali kazi bila kueleza jinsi ilivyofanyika. Hanna haimo katika orodha hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo inayodai zaidi kutoka kwa mwili wake. Onyesho ambamo msichana aliyekulia bila umeme anafikia chumba cha wageni Morocco, na taa, feni, birika na televisheni vinaanza kumvamia kwa pamoja, linatosha kueleza ninachomaanisha.

Ukimaliza filamu hizo tano, ongeza moja ambayo haikupokewa vizuri, kwa sababu anayechambua mafanikio peke yake huishia kuandika sifa. Mwaka 2013 Ronan alikuwa na filamu mbili ambazo kwa bahati zinakaribiana kwa jambo la ajabu: katika zote mbili msichana ana sauti kichwani mwake. Katika The Host, iliyokosolewa vikali, mwili wa Melanie umetwaliwa na kiumbe kutoka nje ya dunia, na Melanie anazungumza kutoka ndani huku mdomo ukimtumikia mwingine. Katika How I Live Now, Daisy, msichana wa Marekani aliyepelekwa mashambani Uingereza kabla ya vita kuzuka, anasumbuliwa na sauti zake mwenyewe zinazomwamrisha asiguse hiki na asile kile. Chukua dakika kumi za mwanzo wa kila moja, zima sauti, na uandike ni katika ipi unaweza kutambua, kwa uso peke yake, wakati ambao sauti ya ndani inazungumza. Kisha rudisha sauti na uhesabu ulikosea mara ngapi.